Gauni la Kwenda Zahanati

Tulikuwa watatu asubuhi hiyo pale Silanga, miaka michache baada ya Uhuru: mimi, dada yangu mkubwa aliyekuwa akiuza makaa, na jirani yetu aliyekuja kununua. Majina yao ninayo yote, lakini wacha yapumzike.

Dada alikuwa na pumu. Kila alipoenda zahanati alioga kwanza, akasugua kucha, akavaa gauni lake la kanisani.

"Kwani unaenda kuolewa ama kutibiwa?" jirani alikuwa akimchokoza.

"Wewe wacha. Nikienda na hii masizi wataniona takataka."

Daktari akimuuliza kazi yake, alijibu, "Biashara ndogo tu." Basi alipewa tembe na kuambiwa aepuke vumbi, asifagie. Akirudi, mimi ndiye niliyefagia, naye akainamia magunia yake ya makaa.

Asubuhi hiyo kifua kilimbana akijaza debe. Hakukuwa na wakati wa kuoga. Tulimbeba vile alivyokuwa, na njia nzima alivuta leso yangu ajifute mikono.

Daktari alijaribu sana, lakini pumzi haikurudi. Kisha akageuza kiganja cha dada, akakitazama, akaniuliza:

"Kumbe ni makaa? Miaka hii yote, mama, mbona hakusema?"

Nililowesha leso nikaanza kumsafisha kucha, maana hangependa kuonekana hivyo.

Tulimzika na lile gauni. Nakumbuka lilikuwa la samawati. Wewe uliyekuwepo, kama lilikuwa la kijani, tafadhali nisahihishe.