Sabuni Niliyoikoroga Upande Mmoja

Jirani anatengeneza sabuni, na harufu ya magadi imenifuata hadi chumbani.

Siku ile ya utotoni mama alinikabidhi mwiko wa kukorogea sabuni. "Koroga upande mmoja tu. Ukigeuza, haishiki. Usiache mpaka nirudi." Akaondoka na basi la Mtwara.

Nilikoroga, sikugeuza hata mara moja. Sabuni ikashika, mwiko ukasimama wenyewe, mama hajarudi. Bibi akaikata miche.

Wiki zikapita. Asubuhi moja bibi akachukua kanga ya mama, niliyokuwa nikijifunika, akailoweka.

"Bibi, usiifue."

"Ina jasho, mjukuu wangu."

Akaifua kwa sabuni yangu. Povu lilikuwa jingi, maana niliikoroga vizuri. Kanga ilipokauka niliinusa yote, pindo hadi pindo. Mama hakuwemo tena.