Abiria wa Gari la Silinda Nane

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, kaeni vizuri kwanza, na kicheko mkiweke kando. Nawajua. Wajukuu zangu mwenyewe hukaa barazani wakabishana gari lipi tamu kuendesha: hili lenye injini kubwa, linalonguruma hadi vikombe vyangu vikatetemeka kabatini, au kile kidogo chepesi kinachopita penye upenyo wa mbuzi. Wanapiga kelele kana kwamba ubishi huo umeanza nao. Haukuanza nao. Mimi nimeyaendesha yote mawili, barabara ikiwa ya vumbi, mama zenu hawajazaliwa. Na haya nitakayosema yalinifika mimi, mchana kweupe, jua liko utosini. Sikuota na sikusimuliwa. Asiyetaka kuamini asiamini, ila asome mpaka mwisho.

Ilikuwa miaka ile ya kwanza ya Uhuru. Mume wangu, Baba Rehema, alikuwa dereva wa Mzungu mmoja mwenye nyumba ufukweni Diani, nami nikifua na kupiga pasi nyumba hiyo hiyo. Mzungu alikuwa na gari la Kimarekani, rangi ya damu ya mzee, refu kama vitanda viwili vya maharusi vikiunganishwa. Usukani wake ulikuwa kushoto, si kulia kama magari ya huku, na injini yake silinda nane. Mkewe, Memsabu, alikuwa na kigari cheupe cha Kiingereza, kifupi, cha chini. Ukikiingia ni kama umekaa mkekani.

Memsabu alipoumwa na mguu, dereva wa kumpeleka dukani hakuwapo, maana Baba Rehema alikuwa na Bwana kutwa. Basi Memsabu mwenyewe akanifundisha mimi. Leseni sikuwa nayo, na kwa hilo msinifuate, wa kuulizwa wote wamekwisha. Nilijifunza kwenye njia ya mchanga nyuma ya nyumba, na siku moja moja, Bwana akiwa amelala, mume wangu akanipa na lile kubwa nilijaribu.

Nitasema kweli. Lile kubwa lilikuwa tamu. Ukilikanyaga mafuta, mgongo unabandikwa kitini, minazi inakimbia kurudi Likoni, na ile sauti unaisikia tumboni kabla haijafika masikioni. Lakini kona haliijui. Unazungusha usukani, lenyewe linafikiri kwanza. Kile kidogo hakina nguvu ya kumtisha mtu, ila ukiwaza kushoto kimeshafika kushoto. Kila jiwe la barabara unalihisi matakoni. Unabadili gia, unapunguza, unakikata kwenye kona kama kitambaa, na ukifika unajua umefika kwa mikono yako.

"Hicho si gari," Baba Rehema alikuwa akinitania. "Hicho ni kibuyu chenye magurudumu."

"Na lako ni fahali," namjibu. "Linajua mbele tu. Siku ukitaka kugeuka utaniita."

Ila moja lilikuwa nayo lile fahali lake: likipata joto ukalizima, haliwaki tena mpaka lipoe, saa nzima au zaidi. Kwa hiyo akisimama njiani hakulizima. Aliliacha likinguruma.

Sasa sikilizeni. Wazungu walikwenda kwao likizo, wakatuachia funguo tuyawashe magari yasilale, na tukipata mgonjwa tuyatumie. Mgonjwa akatokea. Mdogo wangu Mwanasha alishikwa na uchungu wa mimba yake ya kwanza, akakesha nao, kukapambazuka, na mtoto hashuki. Mkunga wetu alikuwa mwanamke asiyeogopa kitu. Asubuhi ile alitoka nje akanawa mikono akaniambia, "Mpelekeni Msambweni. Mimi nimefika mwisho wangu. Jua likizama naye yuko hivi, mtawakosa wote wawili."

Nikasema tumpakie kwenye kigari. Baba Rehema akaniangalia. "Mgonjwa ni nguo, umkunje?" Alikuwa na haki, kiti cha nyuma cha lile kubwa mtu analala akajinyoosha. Basi Mwanasha akalazwa humo na mama yetu akamshika kichwa. Mimi nikafuata nyuma na kigari, nimepakia kanga, maji na sufuria ya uji.

Hatujafika Mwabungo wameshaniacha. Niliona vumbi tu. Nikapunguza, maana vumbi lile huoni shimo mpaka umo ndani yake. Nikapita njia ya Kinondo peke yangu, naomba dua. Baadaye kidogo, nikielekea upande wa Gazi, vumbi likatulia, na mbele nikaliona gari kubwa.

Linakwenda mwendo wa mtu anayetembea.

Niaminini, injini ilikuwa ikilia kwa nguvu zote, moshi unatoka, na gari haliendi. Nyuma limeshuka hadi bomba la moshi likawa linachora mstari mchangani, kana kwamba limepakia mawe. Nikatazama vichwa kwenye kioo cha nyuma. Cha mume wangu kushoto, penye usukani. Cha mama, ameinama. Na kulia, mahali ambapo kwa magari yetu ndipo hukaa dereva, kulikuwa na kichwa cha tatu chenye kofia nyeupe. Tulitoka Diani kiti kile kitupu. Nani huyu? Ameingilia wapi? Na mbona ameketi kama ndiye anayeliendesha?

Hapo ndipo nilipoisikia vizuri ile sauti. Haikuwa tena mngurumo wa kawaida. Ilikuwa inapiga. Inapiga, inapumzika kidogo, inapiga mara mbili, inapiga. Mimi nikiwa mtoto shangazi yangu alipungwa pepo siku saba uani kwetu, na nyinyi mliozaliwa hospitali labda hamjui: kila pepo ana ngoma yake. Akipigiwa ya mwingine hapandi. Akipigiwa yake, hatoki mpaka ngoma iishe. Ile injini ilikuwa ikipiga ngoma ya shangazi yangu.

Nikarudi gia ya pili, nikatoka kulia, magurudumu mawili kwenye majani, nikawapita. Nilipofika sambamba na dirisha la abiria nikamtazama. Mtu mzima, si mzee. Kanzu yake haina chembe ya vumbi, na sote siku ile tulikuwa wekundu mpaka kope. Jua lile, yeye hana jasho. Vidole vyake vinapiga dashibodi, mabega yanakwenda, taratibu, kwa raha. Akanitabasamia kama mtu aliyekukuta harusini.

Nilikata mbele yao nikasimama katikati ya njia, nalo likasimama nyuma yangu, injini ingali ikilia. Changu sikukizima. Nikashuka nikaenda dirisha la mume wangu. Alikuwa amelowa shati lote, mguu umezama kwenye mafuta.

"Huyu ni nani?"

"Tulisimama Mwanasha atapike," akanong'ona. "Gari sikulizima, si unajua ila yake. Nilipogeuka nikamkuta ameshakaa."

"Ukamwacha?"

"Mama Rehema, mtu mzima, na kanzu yake. Nimwambie shuka?"

"Alisalimu?"

Mume wangu akamtupia jicho yule mtu. "Hakusalimu," akasema.

Mama akainua kichwa nyuma. Sauti yake sijawahi kuisikia vile. "Mwanangu, uchungu umekatika. Tangu huyu bwana aingie, umekatika kabisa. Mtoto amenyamaza, simhisi."

Mwanasha alikuwa macho, anatazama paa la gari, na kidole chake kimoja juu ya tumbo kinakwenda na ile ngoma.

"Kanyaga, dereva," yule abiria akasema, bila kugeuka. "Imenoga. Usiipunguze."

Nilijua la kufanya, na nilijua hasara yake. Ngoma ya pepo huwezi kubishana nayo. Ama umalize, ama unyamazishe. Kuimaliza hatukuwa na muda, mkunga alishatupimia jua. Nikaingiza mkono dirishani.

"Usizime!" Baba Rehema akanishika. "Joto hili haliwaki tena! Tutamzika mtoto wa watu hapa barabarani!"

"Langu linawaka," nikamwambia. "Niachie mkono."

Nikasema bismillahi, nikazungusha ufunguo.

Jamani, kimya kile. Hata kunguru hakulia. Chuma cha injini kikawa kinadondoa ti, ti, ti, na nyuma yangu kigari changu kinatetema peke yake. Yule mtu mikono yake ikabaki hewani. Akaishusha mapajani, akanigeukia.

"Binti, mbona umenikatia?"

"Tuna mgonjwa," nikasema. "Mwenye safari yake ashuke aendelee nayo."

Akashuka. Hakugombana. Alipoutoa mguu wa pili, gari lile lote liliinuka, kama kitanda walichokuwa wamekalia watu kumi wakasimama pamoja. Akaenda polepole hadi kwenye kigari changu, akainama, akatega sikio kwenye boneti. Nikinyang'anywa na hiki pia, basi.

"Hiki kinaimba nini?" akaniuliza.

"Hakiimbi," nikamjibu. "Kinashona."

Maana ndivyo kilivyokuwa kikilia, kama cherehani. Akasikiliza tena, akakunja uso kama mtu aliyepewa chai haina sukari. "Basi shoneni," akasema, akashika njia ya upande wa mikoko. Nilimfuata kwa macho. Akapita nyuma ya mnazi mmoja. Upande wa pili hakutokea. Mnazi mwembamba tu, hata mtoto hafichiki.

Na hapo hapo Mwanasha akapiga ukelele. Uchungu umerudi! Sijapata kusikia sauti tamu kama ule ukelele, na mama yangu akawa analia na kucheka, anasema, "Amegeuka, amegeuka, namhisi."

Tulimkunja. Ndiyo, tulimkunja kama nguo, miguu kwangu, kichwa kwa mama, na mama mwenyewe magoti yakiwa masikioni. Nafasi ya Baba Rehema haikuwapo.

"Unaniacha hapa?" akasema.

"Soma Ayatul Kursi, na usikae ndani ya gari."

Safari ile ndiyo niliyoendesha kweli maishani mwangu. Mashimo nilikuwa nayakwepa kabla sijayaona. Gazi nikaipita mkono kwenye honi, kuku wanaruka. Mteremko wa kwenda daraja la Mkurumudzi una kona ambayo lile kubwa lingeiingia kwa kufikiri kwanza. Mimi niliishusha gia, nikamwambia Mwanasha ajikaze, nikaikata, nikatoka upande wa pili bila kugusa breki. Mnaniuliza raha ya gari? Raha ni ile. Hofu yote ilikuwa mikononi mwangu na mikono ilijua pa kuipeleka.

Tulifika hospitali, wakampokea mlangoni. Mimi nikabaki kitini. Haukupita muda muuguzi akatoka anafuta mikono. "Mama yake mkubwa ni wewe? Msichana. Ana sauti, huyo." Niliweka kichwa kwenye usukani nikamshukuru Mungu mpaka honi ikalia, watu wakanitazama.

Alasiri nikarudi kumchukua mume wangu. Nilimkuta ameketi mbali na gari, viatu vyake viko mkononi. Hakunitania. Alingoja tufike Ukunda ndipo akasema, "Liliwaka lenyewe mara tatu. Ufunguo ninao mimi mfukoni. Linanguruma kidogo, kama linaita, halafu linanyamaza." Kesho yake likaja kuvutwa na trekta. Bwana aliporudi akacheka sana, lakini mume wangu hakuliendesha tena, alisema heri abebe maji. Mwishowe likauzwa bara, na huko sijui.

Mwanasha alizaa wengine watano, na yule msichana ni nyanya sasa. Sote tulipona, na kila nikikumbuka napumua upya. Lakini kitu kimoja hakikuniacha. Mpaka leo gari la injini ile likipita barabarani, na hao watalii wa hotelini hawaishi kuja na magari hayo, mabega yangu huenda yenyewe. Nimeketi nachambua mchele, mara nashtuka yanakwenda. Na ni tamu. Hilo ndilo linalonitisha zaidi ya yule mtu. Raha ya lile kubwa unapewa, unakaa tu unachukuliwa, na hujui ni nani mwingine anayechukuliwa pamoja nawe. Kile kidogo raha yake unaitoa jasho, na haibaki nafasi ya mtu wa pili kuingia. Nunueni mnachotaka, fedha ni zenu. Lakini mkiwa peke yenu kwenye njia ya miti, jua la saa sita, msiliache lingurume mkidhani linawangurumia nyinyi. Na aliyeketi bila salamu, hata awe na kanzu nyeupe kiasi gani, msimwonee haya.

Jioni ya siku ile niliwaita wote wa nyumbani kwangu, mume wangu akiwa mbele yao na vumbi lake usoni, nikawapa amri, na nani aliyewahi kuivunja nikiwa hai? Niliwaambia: "Kuanzia leo gari likisimama, lizimwe. Likikataa kuwaka, tutatembea."