Mwalimu wa Silabi Aliyepotewa na Sauti ya S

Saa mbili kasorobo asubuhi, mwalimu anasimama mbele ya watoto arobaini na sita wa darasa la kwanza na kugusa ubao kwa kijiti. "Sha," anatamka. Alikusudia "sa". Watoto, kwa utiifu wote, wanaitikia: "Sha."

Anarudia, nao wanarudia. Kisha anaugeukia ubao, anajifanya anafuta kitu.

Kwa miaka ishirini na tisa amefundisha kusoma katika chumba hiki hiki. Mtaani wanamwita Mama Silabi. Mwaka jana fizi zilivimba zikatoa usaha, meno yakalegea moja baada ya jingine. Daktari akamwambia hakuna la kuokoa. Yaling'olewa yote ishirini na mawili yaliyokuwa yamebaki, kwa awamu nne.

"Maumivu niliyavumilia," anasema, kiganja kikiziba mdomo. "Unasukutua maji ya chumvi, unakunywa uji, unalalia mito miwili. Hayo yana mwisho. Haya ya sasa sioni mwisho wake."

Ya sasa ni meno ya bandia, aliyowekewa baada ya kungoja miezi mitatu fizi zipone. Ya juu yanashika. Ya chini yanaelea. Yamemchubua mara tatu, na mara tatu amerudi kliniki yakasuguliwa kingo. Wakati wa mapumziko, wenzake wakinywa chai ofisini, yeye hubaki darasani, akayavua na kuyafunga kwenye leso, mgongo ameupa mlango.

Daktari alimshauri asome kwa sauti kila siku, ulimi utazoea. Anasoma. Binti yake, anayeishi naye, anasema humkuta jikoni akiisomea sufuria gazeti la wiki iliyopita, machozi yakimtiririka. Huu ni mwezi wa nne akisoma hivyo.

Majuzi mzazi mmoja, aliyewahi kuwa mwanafunzi wake, alileta daftari la mwanawe. Mtoto alikuwa ameandika "shamaki" ukurasa mzima, kwa mwandiko safi. Mwalimu mkuu alimwita Mama Silabi ofisini, akamkalisha, akamweleza taratibu kwamba muhula ujao atahamia stoo ya vitabu.

"Angenifokea ningejitetea," anasema. "Ule upole wake ndio ulionimaliza."

Wiki ijayo atarudi kliniki kuomba ya chini yatengenezwe upya. Daktari hajamwahidi kitu, naye hakuuliza.

Kuna jambo moja analolingojea. Binti yake atajifungua mwezi ujao, na amemwachia yeye achague jina la mtoto.

"Nilikuwa na la marehemu mama yangu, nimelitunza miaka yote," anasema. "Lina S mbili. Nimeliacha." Anayasukuma meno kwa ulimi yakae sawa. "Nimetafuta jingine. Nataka nikimwita, ajue ni yeye."