Fimbo ya Mzeituni Mwitu

Mama mkwe alipohamia kwetu alikuja na kibuyu kirefu cha maziwa na mfuko wa magome ya kutia kwenye supu. Alikuwa Mmasai, mfugaji tangu utoto, na hakuwahi kulala ghorofani.

"Nimekuwa ndege," alimwambia mwanawe. "Kilichobaki nitage."

Mume wangu alikuwa mfamasia, mimi mwalimu wa kemia. Nyumba yetu ilisifiwa kwa usafi, na nilitaka sifa ile ibaki. Magome niliyavumilia. Yalichemshwa na nyama ya mbuzi, supu ikawa chungu, na mume wangu, muuza vidonge, alikunywa bakuli mbili akidai magoti yamepona. Lakini kibuyu kilinuka moshi, na ndani kilikuwa cheusi tititi. Jumamosi moja, mama akiwa amelala, nilikisugua kwa sabuni na maji ya moto mpaka kikatakata. Nikakianika dirishani, nikijisifu.

Alipoamka alikinusa. Hakugomba. Alikaa nacho mapajani kama mtu aliyeletewa nguo za marehemu.

"Mwalimu," akasema, "ule weusi ndio uliokuwa dawa. Ndio unaofanya maziwa yakae, na tumbo lisilalamike."

Tangu hapo maziwa hayakumshuka tena. Nilimletea ya pakiti, ya mgando, ya moto. Akionja, anarudisha kikombe.

"Haya maziwa hayana kwao."

Juma la tatu bangili zake zikawa zinamteleza hadi kiwikoni, na mume wangu akaacha utani.

Kilichotakiwa kilijulikana: kaa la mzeituni mwitu, lisuguliwe ndani ya kibuyu. Mume wangu alizunguka kwa wauza kuni wote, walimcheka. Mzeituni mwitu tuliokuwa nao ni mmoja tu, fimbo ya marehemu baba mkwe, aliyoichungia ng'ombe miaka arobaini. Niliitundika mwenyewe sebuleni, juu ya shahada zetu, na hakuna mgeni aliyeondoka bila kuelezwa ilikotoka. Ndiyo iliyokuwa heshima ya nyumba.

Niliitungua bila kumwuliza mtu.

"Usiikate," mama alisema. "Choma ncha tu."

Tulikaa wawili kwenye vigae vya jikoni, madirisha wazi. Ncha ikawa kaa. Akanishika mkono, tukaiingiza kibuyuni na kuizungusha ukutani mwake, kisha akapangusa majivu kwa brashi ya singa za mkia wa ng'ombe. Jirani wa chini akabisha hodi.

"Mwalimu, kwenu kunaungua?"

"Naosha vyombo," nikamjibu, na kwa mara ya kwanza tangu ahamie, mama alicheka mpaka akajishika mbavu.

Kesho yake alikunywa vikombe viwili. Akalamba mdomo, akafikiri.

"Bado kina sabuni kidogo. Lakini ni maziwa."

Aliishi nasi miaka sita zaidi, na fimbo ikazidi kufupika. Sasa hayupo, na mwanawe hayupo. Juu ya shahada kimebaki kijiti cha shubiri moja, na wageni wakiuliza nawaambia ni fimbo ya baba mkwe. Wasioelewa na wakae hivyo hivyo. Mara moja kwa mwaka hukitungua, nikachoma upana wa ukucha tu, nikasugua kibuyu, nikamimina maziwa na kusubiri kuche. Huyanywa peke yangu, polepole, nikiitafuta ile sabuni.