Boksi Jipya, Kabureta Feki, Maziwa ya Watu

Injini imekufa, na lita themanini za maziwa ya watu zinapigwa jua.

Lekishon amesimama kando ya barabara, juu kidogo ya Ngaramtoni, mguu mmoja kwenye kiki. Kiki haishuki. Nyuma yake, kwenye keria ya nondo aliyochomelewa mahali pa kiti cha abiria, madumu manne yamefungwa kwa mipira. Anafungua kifuniko cha oili, anainama, ananusa. Oili inanuka petroli.

"Hapo nikajua nimekwisha," anasimulia. "Petroli ilikuwa imejaa mpaka tumboni mwa injini."

Lekishon ana miaka thelathini na tisa, mzaliwa wa Olkokola, magharibi mwa Mlima Meru. Kila asubuhi anapita kwenye maboma kukusanya maziwa ya akina mama wanane, anayashusha kwenye migahawa ya chai ya Sombetini na Elerai. Analipwa shilingi mia mbili kwa lita. Akitoa petroli, anabaki na kama elfu kumi.

Kwao ng'ombe ni wa mume, maziwa ni ya mke. Mwanamume mwenye adabu haulizi hela ya maziwa imekwenda wapi. Kwa hiyo anayebeba dumu lile amebeba mfuko wa mwanamke, na likiharibika hawezi kwenda kumalizana na mumewe juu kwa juu. Atasimama mbele ya mama mwenyewe.

Tabu ilianzia dukani. Lekishon alinunua pikipiki mpya isiyo na kabureta, ile ambayo kompyuta ndiyo inapima petroli na pampu ya ndani ya tangi ndiyo inaisukuma. Aliyemuuzia alimwambia haili mafuta, na kweli haikuwa inakula. Hakumwambia kwamba petroli chafu ya vituo vya vichochoroni ingeimaliza pampu kabla ya mwaka wa pili.

Pampu ilipokufa, alirudi pale pale. Walimtoza elfu thelathini kuchomeka mashine ya kusoma ugonjwa. Mashine ikasema pampu imekufa.

"Hilo nililijua nikiwa Olkokola, na sikulipa mtu," anasema.

Pampu mpya? Haiuzwi peke yake. Inakuja na vifaa vyake vyote, inaagizwa, inasubiriwa miezi miwili, inagharimu karibu laki nane. Miezi miwili ng'ombe waambiwe nini, wafunge chuchu?

Ndipo akamwendea Shamsudin, fundi wa Sombetini, ambaye kazi yake ya kwanza kwa kila mteja ni kumtania.

"Umenunua simu, kaka, ukaifunga matairi," Shamsudin alimwambia. "Tutoe hiyo kompyuta, tuweke kabureta. Kabureta ikiziba unaipuliza kwa mdomo, safari inaendelea."

Haikuwa kazi ya kubadilisha kitu kimoja. Kompyuta ile ndiyo iliyokuwa inapanga na cheche, kwa hiyo ilibidi kufunga kiboksi kingine cha kuwashia. Pampu ikatolewa. Tangi likatobolewa chini, ikawekwa koki, petroli ishuke yenyewe.

Ikabaki kuchagua kabureta. Lekishon aliitaka kubwa, ya pikipiki yenye injini kubwa, kwa sababu anapanda mlima. Shamsudin akakataa.

"Mdomo mkubwa bila kifua ni kelele tu. Kule kwenu juu hewa ni nyepesi. Ukiipa petroli nyingi itakohoa moshi mweusi mpaka ng'ombe wako wakimbie."

Walikubaliana saizi ndogo. Kwenye kaunta ya duka la spea zikawekwa mbili. Moja mtumba wa Japani, imechubuka, elfu sitini. Nyingine iko ndani ya boksi jipya, ina stika inayong'aa ya kampuni kubwa, laki moja na arobaini. Shamsudin akashika mtumba. Lekishon akashika boksi.

"Hii ya zamani imeshapigwa na mabonde, imekomaa," fundi alisema.

"Na mimi nabeba maziwa ya mama zangu," Lekishon alijibu. "Siwezi kuyafungia chuma kilichochoshwa na watu wengine. Heshima haina mtumba."

Alilipa. Pikipiki ikapanda Olkokola bila kukohoa, wakapongezana.

Kila anayebeba mzigo kwenye mteremko ule anajua kuachia. Ukifika juu unazima injini, unatoa gia, unashuka na uzito wako. Chini unatia gia, injini inawaka yenyewe. Petroli unayookoa ni mboga ya jioni. Lekishon ameachia miaka yote, na pikipiki ya kompyuta haikumwadhibu, kwa sababu ukizima, pampu nayo inalala.

Koki hailali. Ndani ya kabureta kuna kisindano kinachopaswa kuizuia petroli ikishajaa. Cha boksi jipya hakikuwa kinazuia kitu. Asubuhi ile Lekishon alipokuwa anateremka kimya, petroli ilikuwa inateremka naye, inajaza injini. Alipotia gia, kitu kikagonga ndani kama nyundo. Fimbo ya pistoni ilikuwa imepinda, na maziwa yakaharibikia pale pale juani.

Shamsudin alipofungua injini, walibishana.

"Nilikwambia ukizima ufunge koki."

"Ulisema nikiilaza nyumbani. Mteremko ni nyumbani?"

"Kaka, mtu anashuka mlima na injini imezimwa, mimi ningejuaje?"

"Wote tunashuka hivyo, fundi. Wewe umelala wapi?"

Fundi alikubali kwamba nusu ya kosa ni lake. Kisha akaikwangua ile stika kwa kucha. Chini yake kulikuwa na stika nyingine, ya jina ambalo hakuna aliyewahi kulisikia.

Waliirudisha kabureta kwenye duka la spea. Mwenye duka hakuigusa. Alinyoosha kidole ukutani, palipoandikwa kwamba mali ikishafungwa hairudi.

"Soko huria, mzee," alisema. "Nani alikushika mkono ununue?"

Hiyo ndiyo jeuri tunayoishi nayo. Wazee wanakumbuka walivyopanga foleni kusubiri spea ambazo hazikuwepo. Milango ikafunguliwa, foleni zikaisha, tukashangilia. Leo spea zinauzwa mpaka kwenye toroli, na hakuna wa kujibu zikikuvunja. Boksi lile lilivuka mpaka, likalala ghalani, likapita mikono ya watu wanaolipwa kukagua mali feki kama hiyo. Lilisimama kwa nani? Kwa mbeba maziwa. Kumwambia mtu huyo kwamba alikuwa na uhuru wa kuchagua ni kumtukana mara ya pili.

Kwa Soila, mkubwa wa wale akina mama wanane, Lekishon alikwenda kwa miguu.

"Shikamoo, yeyo," alisema, akimwita mama kwa lugha yao.

"Marahaba. Maziwa yangu yako wapi?"

Akaeleza kabureta, kisindano, stika. Soila alisikiliza mpaka mwisho.

"Hayo ya vyuma ni yako na fundi wako. Mimi nilikupa maziwa."

"Nitalipa, yeyo. Nipe muda nitafute hela."

"Hela utampa mwenye duka. Maziwa hulipwa kwa maziwa."

Na Lekishon hana maziwa. Mwenye maziwa nyumbani kwake ni Joyce, mkewe, aliyepewa ng'ombe mmoja wa kukamua siku alipoolewa. Joyce hakuwahi kukanyaga duka lile. Lakini ndiye anayelipa. Kila asubuhi anakamua, anamimina kwenye madumu ya wenzake, kwa zamu, mpaka lita themanini zitimie.

"Sikumlaumu," Joyce anasema. "Nilimwuliza tu, kwa nini mwizi awe mjini na deni liwe jikoni kwangu."

Sasa pikipiki ina ule mtumba uliochubuka, na Lekishon anaifunga koki kabla ya kuachia. Anawashawishi wabeba maziwa wenzake wasinunue kabureta yoyote bila kuijaza petroli pale pale kaunta na kungoja kama inavuja. Wenye maduka wawili wameshawafukuza. Anasema watakwenda la tatu, na wakiwa wengi.

Mpaka leo, boksi lile limemgharimu hivi. Dume mmoja, aliyeuzwa kutengeneza injini. Akina mama watatu kati ya wanane, waliohamia kwa mbebaji mwingine. Na watoto wake watatu wanakunywa chai ya rangi kwenye boma lenye ng'ombe anayekamuliwa.