Mishale Iliyokataa Kutulia

Siku yangu ya kwanza kazini, pale uwanja wa ndege wa Musoma, Fundi Mkuu hakunipa spana. Alinipa kitambaa nifute oili kwenye injini, akinitania kwamba sisi watu wa Kiabakari tumezoea kuchimba dhahabu, si kufuta. Nilinuna kutwa nzima. Baadaye nilielewa: anayeifuta injini hujua kila bomba na kila waya wake.

Nilipelekwa Mwanza, kisha Dodoma, nikarudi Musoma nikiwa fundi kamili. Ndipo ikatangazwa kwamba mgeni rasmi aendaye Butiama atashukia kwetu. Desturi yetu mnaijua: akija mgeni rasmi, kila kisichokimbia hupakwa rangi. Mkuu wa Kituo aliagiza yapakwe mawe, milango, hata ukuta wa chuma ulio nyuma ya injini ya ndege yetu ndogo. Tulifungua nyaya, tukapaka, tukazifunga tena. Mgeni akaja, akasifu, akaondoka.

Tangu hapo mishale ya geji, vile vipimo vilivyo mbele ya rubani, ikawa inaruka. Mshale wa joto la oili ulipanda ghafla, wa presha ukashuka, na injini yenyewe inanguruma vizuri. Tulibadilisha kihisi, kile kifaa kinachopima joto na kulipeleka kwenye geji kwa umeme. Hali ikawa ileile.

Tukiwa bado tunahangaika, akaletwa mke wa fundi cherehani wa Mwigobero. Uzazi ulikuwa umekwama, na daktari alitaka afike Mwanza haraka. Mumewe alisimama kando ya machela.

"Injini inangurumaga vizuri tu," alisema Mkuu wa Kituo. "Waacheni waende."

"Mkuu, ikichemka kweli huko juu ya ziwa, rubani atajuaje?" Fundi Mkuu alimjibu. "Mishale yenyewe tumeshazoea kuidharau."

Akanigeukia, akasema geji zote haziwezi kuugua siku moja, nitafute zinachochangia. Nikamwomba rubani awashe taa, umeme uongezeke. Mishale yote ikaruka pamoja. Geji zote zilichangia waya wa ethi, unaorudisha umeme kwenye bodi ya ndege, nao tulikuwa tumeufunga juu ya rangi mpya. Nati imekaza, inapendeza, lakini chuma hakigusi chuma. Nikakwangua mpaka chuma kikang'aa, nikafunga. Injini ikawashwa, mishale ikatulia. Fundi Mkuu akaidhinisha safari, ndege ikaruka.

Tulikaa karibu na simu, hakuna aliyetaka chai. Rubani alipopiga kusema mama amejifungua kwa upasuaji, wote wazima, Fundi Mkuu aliketi sakafuni akacheka huku machozi yanamtoka. Mimi nikaenda kubandika chai.

Sasa nimestaafu, niko Bunda na ng'ombe wangu. Vijana huniuliza nimeunda nini maishani. Sikuunda kitu. Ila kila niliyemfungia mlango wa ndege, alifunguliwa huko alikokwenda akiwa hai. Ndiyo maana nalala usingizi mzito.