Sakafu Isiyofagiwa

Habari za kifo chake nilizipata kwa fundi viatu. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi lake karibu na soko la Voi, mguu mmoja una kiatu na mwingine uko peku, nikisubiri soli yangu ishike gundi, fundi alipoingiza mkono chini ya meza akatoa jozi ya raba zilizokuwa nyeupe zamani na sasa zimegeuka rangi ya udongo wetu. "Mzee," akaniambia, "hizi za Mwalimu sasa nitampa nani? Wanasema jana alijilaza baada ya chakula cha mchana, hakuamka tena." Nilizichukua zile raba nikazigeuza, na kabla hata machozi hayajanilenga niliona jambo ambalo miaka michache iliyopita nisingeliona kamwe: ya kulia ilikuwa imelika kisiginoni, ya kushoto imelika sawasawa soli nzima, lakini kwenye ncha za vidole zote mbili zilikuwa kama mpya. Nikamwambia fundi kwamba nitazipeleka mwenyewe mahali zinapostahili.

Wasomaji wa ukurasa huu mmenizoea nikigombana. Nimegombana na mabomba yasiyotoa maji mtaani Kaloleni, na malori yanayoegeshwa hovyo kwenye barabara ya Taveta, na hata na ndovu wa Ndara, ambao hawasomi magazeti. Leo ugomvi ni wangu na nafsi yangu, kwa hiyo mtanivumilia.

Mwalimu, kama kila mtu alivyomwita, hakuwahi kufundisha darasani hata siku moja. Alikuwa mtu wa milimani kama mimi, aliyeteremka ujanani kwenda kutafuta kazi Nairobi, akaipata katika klabu moja ya michezo: kazi ya kupiga deki na kung'arisha sakafu kwa nta. Katika ukumbi aliousugua ndimo walimofanyia mazoezi wachezaji wa upanga. Si panga la kufyekea, bali kile chuma chembamba chenye ncha butu, ambacho watu wawili waliovaa makoti mazito na vinyago vya waya hutafuta kugusana nacho kifuani. Yeye hakuwa na muda wa kutazama mapanga. Alitazama alama za viatu zilizobaki kwenye nta yake, maana hizo ndizo alizotakiwa kuzifuta, na baada ya miaka akawa anaweza kukuambia nani alishinda bila kuwa ameuona mchezo wenyewe. Kocha mmoja wa pale alipoligundua hilo akamvisha kinyago na kumpa upanga. Alipostaafu alirudi Voi na mapanga sita, vinyago vinne, na imani kwamba watoto wa wakulima wa Taita na wa wafanyabiashara wa sokoni wangeuweza mchezo huo kuliko waliouanzisha. Watu walicheka. Mimi nilicheka kwa maandishi.

Ilikuwa hivi. Jumamosi moja, saa nne asubuhi, nilikwenda kumwona yeye na wanafunzi wake katika ukumbi wa kanisa waliokuwa wameruhusiwa kuutumia pale Kaloleni. Nasema nilikwenda kuwaona, lakini ukweli ni kwamba nilisimama mlangoni kwa muda wa kumaliza chupa moja ya soda. Sakafu ya saruji ilikuwa imetandwa vumbi jekundu la kutosha kuandikia jina, na vijana kama kumi na wawili walikuwa wakienda mbele na kurudi nyuma juu yake, huku mzee mmoja ameinama anakodolea macho chini kana kwamba ameangusha sindano. Nikarudi ofisini nikaandika safu iliyonifurahisha mimi mwenyewe. Niliuliza ni kamati gani inayoacha nyumba ya ibada igeuke banda la kuku, na ni mwalimu gani anayewapa watoto upanga kabla hajawafundisha kushika ufagio. Nilipongezwa mtaani, hata nikanunuliwa chai. Wiki mbili baadaye kamati ya ukumbi, kwa kuona haya, ikawafungia mlango.

Kati ya wale vijana alikuwemo msichana mmoja, binti wa mama auzaye mitumba, ambaye alikuwa amebakiza majuma machache tu aende kushindania nafasi katika timu ya taifa. Hilo sikulijua, kwa sababu sikuuliza. Mlango ulipofungwa akaendelea na mazoezi nyuma ya karakana ya mbao, juu ya changarawe, na siku ya tatu akateguka kifundo cha mguu. Siku ya mashindano ilipofika alikuwa amekaa nyumbani, mguu ameuweka kwenye beseni la maji ya chumvi.

Mwalimu alikuja ofisini kwangu na raba zake miguuni na gazeti kwapani. Nilijiandaa kwa matusi, na tayari nilikuwa na majibu. Akaketi, akavuta pumzi, akasema, "Bwana mwandishi, nimesoma. Umeandika vizuri, nimecheka mara mbili. Sasa Jumamosi uje, uvae viatu vya kamba."

"Nije kufanya nini?"

"Kushambulia. Naona unapenda."

Nilikwenda, nusu kwa ubishi na nusu kwa udadisi. Nyuma ya ile karakana alikuwa amesawazisha kipande cha ardhi na kukimwagia udongo mwekundu uliochekechwa hadi ukawa laini kama unga. Yule msichana alikuwa ameketi juu ya gogo, kifundo chake kimefungwa bendeji. Mwalimu akanivisha kinyago, akanipa upanga, akasimama mbele yangu, mguu wa mbele umenitazama mimi, wa nyuma umelala kwa upande, magoti yamekunjwa kidogo. "Niguse," akasema. Nikamrukia. Alirudi nyuma nusu hatua tu, nami nikapita. Nikamrukia tena, nikapita tena. Mara ya tatu nilianguka kwa magoti na kinyago kikanigeukia puani. Sikuwahi kudhani kwamba mzee wa umri ule angenichosha bila hata kuinua mkono.

"Mzee, angalia chini," yule msichana akaniita kutoka kwenye gogo. Akanyoosha fimbo akaanza kunisomea nyayo zangu. "Hapa umeanza na mguu, mkono bado uko nyuma. Hapa umechimba na vidole. Na hapa mguu wa nyuma umekokota, manake hakukuwa na kitu cha kukushika. Hata ungetaka kusimama, hungeweza."

Ndipo akili yangu ilipofunguka, polepole na kwa maumivu. "Kwani lile vumbi la ukumbini..."

"Tulikuwa tunalibeba na ndoo," akanikata kauli. "Kila Jumamosi. Tukimaliza tunafagia, tunapiga na deki. Si ungeuliza tu?"

Nimeulizwa maswali mengi na wakubwa katika kazi hii, na mengine kwa vitisho. Hakuna lililonikaa kifuani kama hilo.

Mwalimu hakuniachia nafasi ya kujihurumia. Alisema kosa langu la miguu analijua tangu zamani, ni kosa la kwetu. Sisi tuliozaliwa milimani tukishikwa na haraka tunainama, tunatanguliza kichwa na kuchimba kwa vidole, kwa sababu tangu utotoni haraka yetu yote ilikuwa ya kupanda. "Sasa hapa unapanda," akaniambia, akizungusha mkono kuonyesha ile ardhi tambarare. "Hebu nionyeshe, mlima uko wapi?" Dawa yake nayo ilikuwa ya kwetu. Aliwachukua wanafunzi wake, na mimi tangu siku hiyo nikiwa mmoja wao, hadi kwenye kijia cha kilima kilicho juu ya Mraru, akatupa kila mmoja kikombe cha bati kilichojaa maji, akatuamuru tuteremke mkono umenyooka mbele. Mtu anayeteremka na kikombe hawezi kuinama. Mkono unatangulia, kisigino kinatua kabla ya vidole, mgongo unasimama, na goti la nyuma linabeba uzito mpaka lile la mbele liwe na hakika. Katikati ya mteremko alipiga kelele, "Hapo!" na ulitakiwa usimame papo hapo bila tone kumwagika. Alikuwa akisema kwamba shambulio usiloweza kulisimamisha katikati si shambulio, ni ajali tu inayokwenda mbele. Wepesi, alisema, utakuja wenyewe miguu ikishatulia, lakini hajaona utulivu ukimjia mtu aliyeanza na wepesi.

Jumamosi ya nne au ya tano nilimwambia nataka kuandika masahihisho gazetini na kuwaomba radhi, yeye na binti yule. Nilitegemea ashukuru. Akatikisa kichwa. "Ukiandika leo utakuwa umekimbia tu, ila kwa upande mwingine. Bado una aibu. Ngoja miguu itulie." Nikamtii. Na hapa ndipo penye jambo ninaloona uzito kulisema: mwanzoni nilingoja kwa utii, baadaye nikangoja kwa sababu kungoja kulinifaa. Yeye mwenyewe aliialika kamati ya ukumbi, akawaonyesha vumbi, akawasomea nyayo, kisha akachukua ufagio mbele yao, nao wakamrudishia ufunguo. Mambo yakawa sawa, maisha yakaendelea, mimi nikawa na mabomba na malori ya kuandika. Mzee yule hakunikumbusha hata mara moja. Tulisalimiana, tukataniana, tukateremka kilima na vikombe vyetu, na maneno yangu ya ovyo yakabaki gazetini bila wa kuyafuta.

Tangu nipate habari zile kwa fundi viatu nimekuwa nikijiuliza ni wangapi kati yetu wanaishi kwa kupanda mlima ambao haupo. Simu imempa kila mtu upanga. Picha moja ya mwalimu mbele ya darasa, ya muuguzi aliyekaa, ya polisi aliyesinzia, inatosha kutufanya tumrukie mtu, na kabla ya jioni mtaa mzima umekwisha kuhukumu. Nasi waandishi, ambao tulipaswa kuwa na miguu iliyotulia kuliko wote, ndio tunaoshindana nani afike kwanza. Mimi sisemi tusishambulie. Yako mambo katika kaunti hii yanayostahili kuchomwa kifuani, na Mwalimu mwenyewe alichukia mchezaji mwoga kuliko alivyochukia mchezaji mpumbavu. Lakini aliamini kwamba mkono unaotangulia ndio unaopima umbali, na mtu asiyepima umbali hajui hata anayemshambulia ni nani. Aliyajua hayo bila cheti chochote, kwa miaka ya kupiga magoti na kitambaa mkononi akifuta alama za wenzake.

Tulimzika kwao, juu milimani, kukiwa na ukungu na kwaya ya kina mama iliyoimba hadi sauti zikakauka. Jumamosi iliyofuata nilikwenda ukumbini na zile raba ndani ya mfuko. Nilikuta wote wamejipanga ukutani, hakuna anayekanyaga katikati ya sakafu. Kamati, kwa kutaka kumpa marehemu heshima, ilikuwa imeisugua sakafu kwa sabuni mpaka inang'aa, tena wema huo ulifanywa kwa moyo safi kabisa. Yule msichana, ambaye sasa ndiye anayewafundisha wengine, aliitazama sakafu kwa muda. Kisha akachukua ndoo na chekecheke, akatoka nje, na aliporudi ndoo ilikuwa imejaa udongo mwekundu. Akanikabidhi mimi. Nikainama nikaumwaga kidogo kidogo, kutoka ukuta hadi ukuta.

Nilipompa raba hakuuliza ni za nani. Alizigeuza akatazama soli kwanza, kama nilivyofanya mimi, kisha akazikumbatia akalia. Alipomaliza akajifuta uso kwa ukosi wa koti lake akaniambia, "Mzee, vaa kinyago." Nikasimama mbele yake. Nikanyoosha mkono, nikauacha utangulie, nikaona umbali, ndipo nikainua mguu. Akapaza sauti, "Hapo!" nami nikasimama. Tukatazama chini sote wawili. Palikuwa na kisigino kimoja mbele, na nyuma wayo mzima usiokokota. "Sasa andika," akasema.

Basi naandika. Ule ukumbi haukuwa mchafu. Lile vumbi lilibebwa kwa ndoo na watoto waliokuwa kazini, na mimi nilisimama mlangoni na soda yangu bila kuuliza hata swali moja. Kwa ajili ya maneno yangu binti mmoja alikosa nafasi aliyoitolea jasho, na sijui kama itarudi. Nilichojifunza nawaachia: kabla hujamrukia mtu, nyoosha mkono upime ulipo na alipo, na ubakize mguu wa kukusimamisha. Ninaowaomba radhi leo ni wawili, nami nimechelewa kiasi kwamba ni mmoja tu atakayeusoma ukurasa huu.